Kutafuta milundikano ya ugonjwa kwa SaTScan: kutoka orodha ya wagonjwa hadi duara kwenye ramani

Mtu anayeletewa orodha ya wagonjwa na kuulizwa kama kuna mahali walipozidi kiasi, kwa kawaida huanza kwa kuwaweka wote kwenye ramani na kutazama pale nukta zilipojazana. Njia hiyo hudanganya kwa namna mbili. Kwanza, nukta hujazana pale watu walipojazana, hata kama ugonjwa hauna lolote la pekee mahali hapo. Pili, hata nukta zilizotawanywa ovyo, kama mbegu zilizorushwa kwa mkono, hujikusanya zenyewe hapa na pale, na jicho la binadamu ni jepesi mno kuona kundi mahali ambapo hakuna kilicholileta. SaTScan, programu iliyoasisiwa na mwanatakwimu Martin Kulldorff katika miaka ya 1990 na inayopatikana bure kwenye tovuti ya satscan.org kwa kompyuta za Windows, Mac na Linux, iliundwa ili kujibu maswali mawili kwa pamoja: je, wagonjwa wamezidi idadi iliyotarajiwa kwa watu wa mahali hapo na kipindi hicho, na je, ziada hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeileta kwa mtu aliyekwisha kutafuta kila mahali?

Katika mwongozo huu nitakaa muda mrefu kwenye maandalizi ya data na uchaguzi wa modeli, na muda mfupi sana kwenye vitufe vya kubofya. Programu yenyewe mara nyingi humaliza hesabu kwa dakika chache, na makosa niliyokutana nayo karibu yote yalikuwa yamekwisha kuingia kabla mtu hajabofya chochote.

Hesabu inayofanyika ndani

Chukua ramani yenye vitovu vya maeneo, kila kimoja kikiwa na idadi ya wakazi na idadi ya wagonjwa. Programu husimama kwenye kitovu cha kwanza na kuchora duara linalobeba eneo hilo peke yake, kisha hulipanua hadi limeze eneo la jirani lililo karibu zaidi, halafu la pili, la tatu, na kuendelea mpaka duara lifikie ukomo uliowekwa. Baada ya hapo huhamia kitovu kinachofuata na kuanza upya. Wakati ukiingizwa katika hesabu, duara hugeuka kuwa silinda ambayo kitako chake ni eneo na kimo chake ni siku, wiki au miezi. Kwa hiyo ramani ya maeneo mia chache huzaa maelfu kwa maelfu ya madirisha yanayopishana, na kila dirisha hupewa alama inayotokana na uwiano wa uwezekano, yaani data inavyoelekea zaidi kutokea kama kuna mlundikano kuliko kama hakuna, ambayo huandikwa kwa logi.

Tulitazame dirisha moja kwa karibu. Tuseme wagonjwa wote ni 200, na ndani ya dirisha wamo 18 ilhali walitarajiwa 8 kulingana na idadi ya wakazi. Nje ya dirisha wamebaki 182, mahali walipotarajiwa 192. Alama ya dirisha hili ni 18 mara logi asilia ya 18/8, jumlisha 182 mara logi asilia ya 182/192, yaani 14.597 toa 9.735, ambayo ni 4.862. Hatari ya aliye ndani ikilinganishwa na ya aliye nje ni mara 2.37. Kama dirisha hili lingekuwa limechaguliwa kabla ya kuona data, uwezekano wa kupata wagonjwa 18 au zaidi mahali wanapotarajiwa 8 ungekuwa 0.0016, yaani chini ya mara mbili katika 1,000, na wengi wangepiga mbiu ya mgambo papo hapo. Lakini halikuchaguliwa kabla. Limeibuka mshindi kati ya maelfu, na mshindi wa maelfu hana budi kuwa na alama ya juu hata kama hakuna mlundikano wowote.

Hapo ndipo njia ya Monte Carlo inapofanya kazi yake. Programu huwagawa upya wagonjwa wale wale 200 kwa nasibu, kulingana na idadi ya wakazi, mara 999, na kila mara huipekua ramani nzima upya na kuandika alama ya mshindi tu. Alama yetu ya 4.862 hushindanishwa na washindi hao 999, na si na madirisha ya kawaida. Ikishika nafasi ya 312 kati ya 1,000, thamani ya p ni 0.312, maana yake ni kwamba karibu theluthi ya ramani zisizo na mlundikano wowote zingetoa mshindi mwenye nguvu kama huyu au kumzidi. Ndiyo sababu idadi ya marudio huishia na 999: ukiongeza ramani halisi juu yake unapata namba kamili ya kugawia. Mbegu ya nasibu, yaani namba inayoanzisha ugawaji huo, nayo ni ile ile kila mara isipokuwa ukiibadilisha, kwa hiyo mwenzako akiendesha uchambuzi ule ule kwa data ile ile atapata matokeo yale yale.

Tofauti kati ya 0.0016 na 0.312 ndiyo sababu ya programu hii kuwapo. Katika mji wa Los Alamos, jimbo la New Mexico nchini Marekani, wakazi waliingiwa na hofu kwa kuona visa vya saratani ya ubongo vimezidi, na Kulldorff na wenzake walichapisha uchambuzi wao mwaka 1998 wakitumia silinda za mahali na wakati juu ya jimbo zima. Waligundua kwamba ziada ile ilikuwa ndani ya mipaka ya yale yanayoweza kuletwa na bahati. Jibu la namna hiyo halimfurahishi mtu aliyefiwa, lakini lina thamani sawa na lile la kuthibitisha mlundikano.

Chagua modeli kwa kuangalia ulichonacho

SaTScan ina modeli nyingi, na mtu mpya hupotea hapa. Kwa kazi ya kawaida ya ufuatiliaji wa magonjwa, tatu zinatosha.

Modeli ya Poisson hutumika unapokuwa na hesabu za wagonjwa kwa kila eneo pamoja na idadi ya wakazi wa eneo hilo. Idadi inayotarajiwa hutokana na wakazi, na unaweza kuisahihisha kwa umri na jinsia ili kijiji chenye wazee wengi kisionekane kuwa na mlundikano wa ugonjwa wa uzeeni. Modeli ya Bernoulli hutumika unapokuwa na makundi mawili: waliougua na wasiougua, waliopimwa wakakutwa na vimelea na waliopimwa wasikutwe navyo, vimelea sugu na visivyo sugu. Kwa data za maabara, binafsi naiamini zaidi Bernoulli kuliko Poisson, kwa sababu anayepimwa si mkazi yeyote tu. Ni yule aliyeweza kufika kwenye kipimo, na kuwalinganisha waliokutwa na ugonjwa na waliopimwa wenzao huondoa sehemu kubwa ya upendeleo huo.

Ya tatu, modeli ya pamutesheni ya mahali na wakati, iliyochapishwa mwaka 2005, haihitaji idadi ya wakazi kabisa. Inahitaji wagonjwa tu, kila mmoja akiwa na mahali na tarehe. Wazo lake ni jepesi: mahali pa kila mgonjwa hubaki vilevile, lakini tarehe huchangwa upya kama karata, na programu huuliza kama mahali fulani na siku fulani vimekutana mara nyingi kuliko vinavyokutana karata zikichangwa. Idadi inayotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha wagonjwa wa mahali hapo wa kipindi chote na wagonjwa wa siku hizo wa maeneo yote, kisha kugawanya kwa wagonjwa wote. Eneo lililotoa wagonjwa 40 kati ya 1,000 wa mwaka mzima, katika wiki iliyotoa wagonjwa 25 kwa jumla, linatarajiwa kutoa 40 mara 25 gawanya kwa 1,000, yaani mgonjwa 1. Wakija 6 wiki hiyo, dirisha linaanza kupata alama.

Uzuri wake ni kwamba eneo ambalo siku zote huripoti wengi halitapiga kelele kwa sababu hiyo tu, na msimu unaopandisha ugonjwa kila mahali kwa pamoja hautageuzwa kuwa mlundikano. Udhaifu wake unatoka kwenye uzuri huo huo. Mlipuko ukienea ramani nzima kwa kasi moja, modeli hii haitauona, kwa sababu kwake hiyo ni siku yenye wagonjwa wengi kila mahali na basi. Vilevile, ukiipa data za miaka mingi katika sehemu ambayo mitaa mipya inajaa watu haraka kuliko ile ya zamani, itakutangazia mlundikano wa ugonjwa mahali ambapo kilichoongezeka ni watu. Mwaka mmoja wa data kwa kawaida unatosha kuwa msingi. Miaka mitano ni kujitafutia matatizo.

Modeli zilizobaki zina kazi zake maalumu: ya multinomia kwa aina kadhaa za ugonjwa zisizo na mpangilio, ya ngazi kwa hatua za saratani, ya eksponenti kwa muda wa kuishi baada ya kugunduliwa ugonjwa, na ya nomali kwa vipimo kama uzito wa watoto wanapozaliwa. Usizifungue mpaka swali lako lenyewe likulazimishe.

Kuna uamuzi mwingine wa kufanya hapa hapa. Uchambuzi wa kuangalia nyuma hupekua silinda zote, zikiwemo zilizoanza na kwisha zamani, nao unafaa kwa utafiti. Uchambuzi wa kuangalia mbele hupekua zile tu ambazo bado ziko hai hadi siku ya mwisho ya data, nao ndio unaofaa kwa ofisi inayotaka kujua leo kama kuna jambo linaloanza. Kuzichanganya mbili hizi ni kosa la mara kwa mara: ukiendesha wa kuangalia nyuma kila asubuhi, mlundikano mkubwa uliokwisha miezi minane iliyopita utashika nafasi ya kwanza kila siku na kukufichia mdogo ulioanza juzi.

Mafaili, na yanavyoharibika

Programu husoma mafaili ya maandishi yenye viambishi vyake: .cas kwa wagonjwa, .pop kwa wakazi, .ctl kwa kundi la kulinganishia la Bernoulli, na .geo kwa mahali. Si lazima uyaandike kwa mkono, kwa kuwa kuna msaidizi wa kuingiza data anayesoma CSV, jedwali la Excel na mafaili ya ramani. Faili la wagonjwa lina safu ya kitambulisho cha mahali, idadi ya wagonjwa, na tarehe. Mpangilio salama wa tarehe ni mwaka, mwezi, siku, kama 2024/05/03, usioacha mtu akijiuliza kama ni tarehe 3 Mei au 5 Machi. Faili la wakazi lina kitambulisho, mwaka na idadi. Ukitoa hesabu za sensa mbili, programu hukadiria miaka ya katikati kwa mstari ulionyooka, na nje ya miaka hiyo huiacha idadi kama ilivyokuwa kwenye sensa iliyo karibu zaidi.

Kitambulisho cha mahali ndicho kinachounganisha mafaili yote, nacho huharibika kimyakimya. Kitambulisho 0412 kikifunguliwa kwenye jedwali la hesabu hugeuka kuwa 412, na hapo faili la wagonjwa na faili la mahali haviongei tena. Afadhali programu ikilalamika kwamba haijui 412 ni wapi. Balaa ni pale ambapo 412 nayo ipo, na ni mahali pengine. Weka herufi mbele ya kila kitambulisho, kwa mfano M0412, na tatizo litakwisha moja kwa moja.

Kosa lililowahi kunigharimu siku tatu lilikuwa la latitudo na longitudo. SaTScan husoma latitudo kwanza, kisha longitudo. Programu nyingi za ramani hutoa kinyume, yaani x kabla ya y, ambako x ni longitudo. Data niliyopewa ilikuwa na sehemu iliyo kwenye latitudo -6 na longitudo 35, na safu zilikuwa zimebadilishana, kwa hiyo programu ilisoma latitudo 35 na longitudo -6, namba ambazo ni halali kabisa, na haikutoa onyo lolote. Matokeo yalikuja na madirisha yake, alama zake na thamani zake za p, kila kitu kikiwa shwari machoni. Kumbe umbali wote ulikuwa umepindwa. Nyuzi moja ya kaskazini hadi kusini ina takriban kilomita 111, lakini ikisomwa kama longitudo kwenye latitudo 35 hufanywa kuwa takriban kilomita 91, hivyo majirani wa kaskazini na kusini walivutwa karibu kuliko walivyo, na maduara yakakusanya maeneo yasiyostahili kuwa pamoja. Nilishtuka nilipofungua faili la KML, yaani faili la ramani linalofunguka kwenye Google Earth, na kuuona mlundikano wangu umetua Morocco, upande mwingine kabisa wa Afrika. Tangu hapo, kabla ya kuendesha chochote, natupa faili la .geo kwenye ramani na kulitazama kwa macho, kazi ya nusu dakika.

Jingine la kuangalia ni kile ambacho anwani inamaanisha. Maabara ikikosa anwani ya mgonjwa, karani anaweza kujaza anwani ya hospitali iliyotuma sampuli, na baada ya miezi michache hospitali hiyo itakuwa kitovu cha milundikano ya kila ugonjwa. Tafuta mahali panapojirudia kupita kiasi, na waondoe wagonjwa wasio na anwani yao wenyewe, huku ukiandika ni wangapi walioondolewa. Nayo tarehe ina maana zaidi ya moja: siku ya kuanza kuugua, siku ya kupimwa, siku ya kuripotiwa. Siku ya kuanza kuugua ndiyo iliyo karibu zaidi na ugonjwa wenyewe, lakini mara nyingi haijazwi. Chagua moja na usiichanganye na nyingine. Kwa uchambuzi wa kila siku, ucheleweshaji wa taarifa si tatizo kubwa ukilingana kila mahali. Usipolingana, maeneo yanayoripoti haraka yataonekana yana mlundikano katika siku za mwisho, kwa sababu tu wenzao hawajaleta hesabu.

Hatimaye kuna sifuri. Kituo ambacho hakikuona mgonjwa na kituo ambacho hakikutuma taarifa huandikwa sawasawa kwenye majedwali mengi, ilhali kimoja kinasema jambo na kingine kimenyamaza. Katika modeli ya Poisson unaweza kuiambia programu kwamba eneo fulani halikuwa na taarifa katika kipindi fulani kwa kutumia faili la marekebisho lenye hatari iliyowekwa kuwa sifuri, na hapo eneo hilo halitahesabiwa kuwa limetulia.

Ukubwa wa dirisha

Ukiacha mipangilio ilivyo, duara linaruhusiwa kukua hadi libebe asilimia 50 ya watu wote walio hatarini. Sababu ya kuishia nusu ni ya haki: mlundikano unaobeba zaidi ya nusu ya watu ungeelezwa vizuri zaidi kama upungufu wa ugonjwa kwa waliobaki. Hata hivyo, nusu ya nchi haimsaidii ofisa anayetaka kujua aende mtaa upi. Kuna chaguo la kupekua hadi asilimia 50 lakini kuripoti milundikano isiyozidi ukubwa fulani, pamoja na lile la kutumia kizigeu cha Gini, linaloamua lenyewe kama ni bora kuripoti duara moja kubwa au madogo kadhaa yasiyopishana. Kwa ripoti itakayosomwa na watu wa mashinani, ningeanza na Gini.

Lisilofaa ni kujaribu asilimia 50, kisha 25, kisha 10, kisha 5, na kuripoti ile iliyotoa thamani ndogo ya p. Hesabu nzima ya Monte Carlo inadhani ukomo wa dirisha uliwekwa kabla ya matokeo. Ukichagua baada ya kuyaona, umelirudisha kwa mlango wa nyuma kosa lile lile ambalo programu ilitengenezwa kulizuia. Andika mpangilio wako kwenye karatasi, utie tarehe, ndipo uendeshe.

Kimo cha silinda kifuate tabia ya ugonjwa. Kwa ugonjwa wa kuhara, ambao mlipuko wake hupanda na kushuka ndani ya wiki chache, ukomo wa siku 30 unatosha, na kuruhusu nusu ya mwaka kutakuletea silinda ndefu zinazozungumzia msimu. Kwa kifua kikuu, ambacho vimelea vyake hujificha kwa miezi au miaka, siku 30 hazina maana yoyote. Kuhusu umbo, duara ndilo la kawaida, na duaradufu lipo kwa anayeshuku kwamba ugonjwa unafuata mto au barabara, ingawa hesabu yake ni nzito zaidi. Chagua pia kama unatafuta ziada tu, upungufu tu, au vyote. Kwa ufuatiliaji wa milipuko, ziada inatosha.

Kusoma kilichotoka

Faili kuu la matokeo ni la maandishi, na unaweza kuomba pamoja nalo majedwali ya milundikano na ya maeneo yake, faili la ramani na la KML. Mlundikano wa kwanza kwenye orodha ndio wenye alama kubwa kuliko yote. Unaofuata hutajwa, kwa mpangilio wa kawaida, ikiwa tu haupishani na uliotangulia, na thamani yake ya p hupimwa nayo kwa kuishindanisha na washindi, hivyo ni kali kuliko inavyostahili. Kwa maneno mengine, mlundikano wa pili wenye p ya 0.04 una nguvu kwelikweli, na mlundikano wa pili wenye p ya 0.09 usiutupe kabla ya kuutazama.

Thamani ya p inazungumzia kuwapo kwa mlundikano, haizungumzii mpaka wake. Duara limechorwa kwa kuunganisha vitovu, na eneo ambalo kitovu chake kimeingia huhesabiwa lote hata kama nusu yake iko nje ya mstari, huku lile ambalo kitovu chake kimebaki hatua chache nje likiachwa lote. Usimwambie mtu anayeishi nje ya mstari kwamba yuko salama. Tazama pia idadi halisi kabla ya kuitazama hatari: mlundikano wa wagonjwa 3 mahali walipotarajiwa 0.2 una hatari ya kutisha kwenye karatasi, lakini unaweza kuwa nyumba moja, au mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara tatu kwa tahajia tatu za jina lake.

Ndiyo maana hatua inayofuata baada ya kila mlundikano ni kurudi kwenye orodha ya majina. Ondoa waliojirudia, angalia kama wote wametoka maabara moja iliyobadilisha kipimo hivi karibuni, angalia umri na jinsia, na uliza kama wanashiriki shule, kambi, chanzo cha maji au sherehe. Programu imekuonyesha pa kutazama. Sababu utaitafuta wewe. Na unapotoa ramani nje ya ofisi, tumia vitovu vya maeneo na wala si nyumba za watu, kwa sababu faili la KML lenye nukta za wagonjwa likifunguliwa juu ya picha za setilaiti linaonyesha paa la mgonjwa.

Kuendesha kila siku

Uchambuzi ukikamilika, mipangilio yote huhifadhiwa kwenye faili la .prm, na faili hilo linaweza kuendeshwa kwa amri moja bila kufungua madirisha ya programu. Anayefanya kazi kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, anaweza kutumia kifurushi cha rsatscan, kinachoandika mafaili, kuita programu na kurudisha matokeo. SaTScan yenyewe lazima iwe imesakinishwa kando. Kwa njia hiyo kompyuta huchota data alfajiri, huendesha modeli ya pamutesheni kwa kila ugonjwa, na kuacha ripoti mezani kabla watu hawajafika.

Katika uchambuzi wa kila siku, thamani ya p ya 0.05 haina msaada, kwa kuwa kwa ugonjwa mmoja tu itakupigia kengele ya uongo mara moja kila siku 20. Badala yake tumia muda wa kujirudia, ambao ni moja gawanya kwa p, ukihesabiwa kwa siku: p ya 0.01 ni kengele ambayo bahati ingeileta mara moja katika siku 100, na p ya 0.001 mara moja katika siku 1,000. Kwa marudio 999 huwezi kupata zaidi ya siku 1,000, hivyo ukitaka kutofautisha kengele kubwa na kubwa zaidi, panda hadi 9,999. Zidisha pia idadi ya magonjwa unayoyafuatilia: ukiwa na magonjwa 30 na kizingiti cha siku 100, tarajia kengele ya uongo karibu kila siku ya tatu au ya nne, na panga watu wa kuzishughulikia ipasavyo. Kizingiti ambacho ofisi haiwezi kukifuatilia hufundisha watu kupuuza ripoti.

Idara ya afya ya jiji la New York imetumia utaratibu wa namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 2001 ilikuwa ikiuendesha kila siku juu ya taarifa za ndege waliokufa ili kupata dalili za mapema za virusi vya West Nile, vinavyoambukiza ndege na watu, jambo linaloonyesha kwamba kinachohesabiwa si lazima kiwe binadamu. Mwaka 2015, uchambuzi wake wa kila siku ulinasa mlundikano wa ugonjwa wa Legionnaires, aina ya nimonia inayoletwa na bakteria wa majini, katika eneo la South Bronx, ambao hatimaye ulifikia wagonjwa 138 na vifo 16, na chanzo chake kikakutwa kwenye mnara wa kupozea maji wa jengo moja. Ramani haikuonyesha mnara. Ilionyesha mahali pa kuanza kuitafuta minara, na waliopanda juu ya mapaa kuchukua sampuli za maji walikuwa watu.

Kengele ikilia kwenye meza yako, andika siku hiyo hiyo ilivyochunguzwa na ilivyoishia: mlipuko wa kweli, kosa la data, au bahati. Baada ya miezi sita, daftari hilo litakuambia kama kizingiti chako kiko chini mno, na ni maabara ipi ya kupigiwa simu kuhusu anwani zake.